Waandaaji, msiufute uwanja wa Smashville

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nijibu rai iliyotolewa katika gazeti lako kuhusu mashindano ya michezo ya video yanayofanyika katika kumbi za vijana hapa Lubumbashi. Aliyeandika alitaka waandaaji waondoe kila uwanja wenye kipande kinachosogea, Smashville ukiwemo, katika mchezo wa Super Smash Bros. Ultimate na wabakize ule wa Final Destination peke yake, ulio bapa toka mwisho hadi mwisho, kwa kuwa anaona si haki kijana aliyelipa kiingilio chake ashindwe na sakafu badala ya kushindwa na mwenzake. Nimeambiwa kwamba ukumbi mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini, umekwisha kuigeuza rai hiyo kuwa sheria, na kwamba kumbi nyingine mbili tatu zinajiandaa kufuata. Mimi ni mwamuzi wa mapigano hayo katika ukumbi mmoja wa Kamalondo, na sina budi kusema kwamba sheria hiyo, ingawa imetokana na nia njema, inaondoa haki pale pale inapodai kuileta.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuucheza mchezo huu, yafaa nieleze kwanza jinsi unavyotofautiana na mingine ya kupigana ambayo vijana wetu wameizoea zaidi. Katika Street Fighter kila mpiganaji ana mstari wa uhai sehemu ya juu ya kioo, mapigo huupunguza, na ukiisha ameshindwa. Mandhari ya nyuma, iwe soko au bandari, ni picha tu. Super Smash Bros., uliobuniwa na Masahiro Sakurai katika kampuni ya HAL Laboratory na kutolewa na Nintendo nchini Japani mwezi wa kwanza wa mwaka 1999, haukujengwa hivyo. Mpiganaji wake ana asilimia, ambayo huanza sifuri na kupanda kila anapopigwa, na kadiri inavyopanda ndivyo pigo linalofuata linavyomrusha mbali zaidi. Hafi kwa sababu asilimia imefika mia. Hufa pale anaporushwa akavuka mpaka usioonekana uliouzunguka uwanja kushoto, kulia, juu na chini. Kwa hiyo upana wa sakafu, umbali wa kutoka ukingoni hadi mpakani, kimo cha anga na idadi ya majukwaa yanayoelea, vyote vimo ndani ya pigano lenyewe. Hakuna uwanja wa mchezo huu usiompendelea mtu, na hilo ndilo jambo ambalo barua ile ililipita haraka mno.

Tuutazame basi uwanja unaolalamikiwa. Smashville iliingia katika mfululizo huu pamoja na Super Smash Bros. Brawl mwaka 2008, ikiwa imechukua sura ya kijiji cha mchezo mwingine wa Nintendo, Animal Crossing. Ni sakafu moja pana isiyo na mwinuko, na juu yake jukwaa moja dogo linalokwenda kushoto na kulia bila kukoma, likipita nje ya ukingo wa kila upande kabla ya kugeuka na kurudi. Nyuma yake mbingu hufuata saa ya mashine, kukipambazuka kunapambazuka na kukichwa kunakuchwa, na Jumamosi usiku mbwa mpiga gitaa hujitokeza kutumbuiza. Vijana wetu, ambao hucheza Jumamosi usiku kuliko wakati mwingine wowote, wanamjua kama jirani. Toleo la Ultimate, lililotoka tarehe 7 Desemba 2018, lina mahali pa kuzima vituko vya viwanja. Ukivizima, Lylat Cruise huacha kuinama huku na huko, na Pokémon Stadium 2 huacha kubadilika sura, lakini jukwaa la Smashville huendelea na safari yake kama kawaida. Maana yake ni kwamba hata waliouunda mchezo hawakulihesabu jukwaa hilo kuwa kituko. Walilihesabu kuwa sehemu ya sakafu, kama ukuta ulivyo sehemu ya nyumba.

Ni nini hasa hutokea pale? Chukua hali ambayo mwamuzi yeyote wa mchezo huu ameiona. Kijana amefika asilimia mia na thelathini, amepigwa akatupwa nje ya ukingo wa kulia, na mruko wake wa pili wa hewani amekwisha kuutumia. Katika uwanja bapa amebakiwa na njia moja ya kurejea, nayo ni kutumia pigo lake la kujiinua ili adake ukingo, na mpinzani wake, kwa kuwa anaijua njia hiyo, humngoja pale pale. Katika Smashville, iwapo jukwaa liko upande huo, ana njia ya pili: anaweza kutua juu yake, apumzishe miguu, arudishiwe mruko wake, kisha aingie kwa juu. Iwapo jukwaa liko upande wa kushoto, njia hiyo haipo. Mtazamaji aliyeketi nyuma huona kijana ameokolewa na bahati, naye hupiga kelele. Lakini aliyempiga alikuwa akiliona jukwaa hilo kwa macho yake mawili kabla hajapiga, na alikuwa na hiari ya kusubiri kidogo, au kumrusha upande wa pili, au kumpiga kwa pigo la kwenda juu ambalo jukwaa halina msaada nalo. Alichagua kupiga wakati mbaya. Hilo ni kosa la mchezaji, na mchezo umemtoza.

Tena jukwaa hilo halina rafiki. Lile lile linalomwokoa mmoja, likiwa limefika nje ya ukingo limekaribia mpaka wa pembeni, na aliyesimama juu yake akidakwa hapo hufa kwa asilimia ndogo kuliko ambayo ingemwua katikati ya uwanja. Wapo wachezaji wanaoanza kumpiga mpinzani katikati ya sakafu na kuendelea kumpiga juu ya jukwaa, pigo baada ya pigo, likiwachukua wote wawili polepole hadi pembeni, na pigo la mwisho linatua mahali ambapo walikusudia litue tangu la kwanza. Nimewaona wazee wa mtaa waliokuja kumtafuta mtoto wao wakisahau kilichowaleta kwa kutazama jambo hilo. Anayeuita ustadi huo kuwa bahati hajaujaribu.

Swali la haki, kwa maoni yangu, haliko katika kusogea. Liko katika kujulikana. Kitu kinachosogea kwa njia ile ile, mbele ya macho ya wote wawili, ni sawa kwa wote wawili. Mfano bora ninaoujua uko katika Super Smash Bros. Melee, toleo la mwaka 2001 ambalo hadi leo lina mashindano yake duniani. Katika uwanja wa Yoshi's Story kuna wingu dogo, ambalo wachezaji wamelipa jina la Randall, linaloingia upande mmoja wa uwanja na kutokea upande wa pili. Mtu akilitazama mara ya kwanza ataapa kwamba linakuja linapotaka. Kumbe huumaliza mzunguko wake kwa sekunde 20 kamili, na kwa kuwa pigano la Melee lina saa inayohesabu kurudi nyuma kutoka dakika 8, mchezaji aliyebobea husoma sekunde zilizobaki na kujua wingu liko wapi hata kabla halijaonekana. Wapo walioanguka nje ya ukingo, wametupa jicho moja kwenye saa, wakaliangukia wingu kama waliopanga miadi nalo.

Na tukiwa bado katika Melee, hebu tuhesabu. Viwanja ambavyo mashindano yake yamevibakiza baada ya miaka mingi ya kuchuja ni 6: Battlefield, Final Destination, Yoshi's Story, Fountain of Dreams, Dream Land na Pokémon Stadium. Kati ya hivyo, vilivyotulia kabisa ni 2, Battlefield na Final Destination. Vingine vyote vina kitu kinachotembea, kinachopanda na kushuka, kinachovuma au kinachobadilika. Watu waliochuja viwanja hivyo hawakuwa wavivu wa kufikiri; walikuwa wakigombania fedha na heshima, na kila uwanja uliopita ulipita mikononi mwa walioshindwa ndani yake. Kama kusogea peke yake kungekuwa dhuluma, wangekuwa wa kwanza kuvitupa nje viwanja hivyo.

Sitaki hata hivyo kuonekana kwamba natetea kila sakafu yenye miguu. Ndani ya orodha hiyo hiyo yamo mambo ambayo mimi mwenyewe siyapendi. Katika Fountain of Dreams majukwaa mawili ya pembeni hupanda na kushuka bila utaratibu unaoweza kukaririwa, na katika Dream Land mti ulio nyuma hupuliza upepo unaowasukuma wachezaji kwa wakati usiotabirika. Pokémon Stadium ni kesi nzito zaidi: uwanja hugeuka ukawa wa moto, wa maji, wa majani au wa mawe, mpangilio wake ni wa kubahatisha, na baadhi ya sura hizo, hasa ya mawe, huweka kizuizi kirefu ambacho nyuma yake mchezaji hujificha hadi uwanja urudi ulivyokuwa. Mara nyingi wachezaji wawili husimama tu wakitazamana, kila mmoja akikataa kumfuata mwenzake mahali pabaya, na pigano hugeuka subira. Ndiyo maana baadhi ya mashindano ya Melee yamechagua kutumia toleo la uwanja huo lililogandishwa lisibadilike. Hapo nakubaliana nao.

Na viko viwanja vilivyofutwa kwa haki kabisa. Rainbow Cruise ya Melee iliwahi kuruhusiwa katika miaka ya mwanzo ya mashindano. Huanza juu ya merikebu, merikebu inazama, kamera inasonga, na wote wawili hulazimika kuruka kutoka kipande hadi kipande kuifuata, kwa kuwa anayeachwa nyuma na kamera anakufa hata kama hakuguswa na mtu. Njia yake inajulikana, ni kweli, na mtu anaweza kuikariri. Lakini kuijua hakumsaidii kila mmoja kwa kiasi kile kile: Jigglypuff, mwenye miruko mitano ya hewani, hutembea humo kama yuko kwake, ilhali mpiganaji mzito mwenye mruko mfupi hutumia nusu ya pigano akipambana na safari badala ya kupambana na mtu. Hapo uwanja umeacha kuwa mahali pa kupigania, umekuwa mpinzani wa tatu. Smashville haimlazimishi mtu yeyote kuhama. Asiyelitaka jukwaa anaweza kulipuuza kuanzia mwanzo wa raundi hadi mwisho, akabaki kwenye sakafu pana iliyotulia chini yake.

Anayetaka ushahidi dhidi yangu nampa mimi mwenyewe, kwa sababu barua ile haikuutaja. Tekken 4, mchezo mwingine wa kupigana uliotoka mwaka 2001, ilikuwa na viwanja vyenye miinuko na miteremko, na Tekken 5 iliyofuata ikarudisha sakafu bapa, jambo lililowafurahisha wachezaji wengi. Ila tuangalie sababu. Katika Tekken mfuatano wa mapigo hupimwa kwa kimo cha aliyerushwa hewani juu ya ardhi. Ardhi ikipanda au kushuka kidogo, pigo lililozoeleka hupita patupu, na mchezaji hana namna nzuri ya kuona kwa jicho kwamba mteremko huo mdogo utamnyima. Huo ni mtego uliofichika. Jukwaa la Smashville halijafichika hata kidogo. Ndicho kitu pekee kinachotembea pale.

Sasa nije kwenye Final Destination, ambayo barua ile iliiita uwanja wa haki. Ni uwanja mzuri, sina ugomvi nao, ila haupo katikati kama inavyodhaniwa. Kwa kukosa majukwaa, humpa raha mwenye silaha za kurusha kwa mbali, kama Samus, kwa kuwa mpinzani hana pa kupandia kuzikwepa, na humtesa mpiganaji mzito mwenye mwendo wa pole, kama Ganondorf, anayelazimika kuvuka uwanda wote huo akipigwa makombora. Jaribio la kucheza bapa tupu lilikwisha kufanyika: katika toleo la mwaka 2014, sehemu ya kupigana kwa intaneti iliyoitwa For Glory iliruhusu viwanja bapa peke yake, na Little Mac, bondia mwenye nguvu za kutisha ardhini na dhaifu sana hewani, akawa kero kwa wachezaji wengi, kwa sababu hapakuwa na jukwaa la kumlazimisha ainue miguu. Ukumbi wa Kenya utakapocheza miezi michache kwa sheria yake mpya, utaona vijana wakibadilisha wapiganaji wao mmoja baada ya mwingine hadi wote wawe wa aina moja, na hapo malalamiko mengine yataanza.

Haki ya mashindano haya haijawahi kutoka kwenye uwanja mmoja uliokamilika, kwa kuwa uwanja huo haupo. Imetoka kwenye namna ya kuchagua. Katika ukumbi wetu raundi ya kwanza huwekewa viwanja vitano: Battlefield, Final Destination, Pokémon Stadium 2 vituko vikiwa vimezimwa, Small Battlefield iliyoongezwa mwaka 2020, na Smashville. Wachezaji hufanya jiwe, karatasi, mkasi. Anayeanza huondoa kiwanja kimoja, mwenzake huondoa viwili, wa kwanza tena huondoa kimoja, na kilichobaki ndicho kinachochezwa. Mtu anayekiogopa kiwanja fulani ana uwezo wa kukiondoa kabla hata maneti, yaani vidhibiti vya kushika mkononi, hazijawashwa. Baada ya hapo mshindi wa raundi hutaja viwanja asivyovitaka, na aliyeshindwa huchagua katika vilivyobaki. Mpira wa miguu nao haukudai kwamba upepo wa mwezi wa nane usivume. Uliweka sheria ya kubadilishana goli baada ya mapumziko. Kijana anayelalamika kwamba alishindwa na Smashville katika utaratibu huu alikuwa na nafasi ya kuikataa, akaitumia nafasi hiyo kukataa kitu kingine alichokiogopa zaidi. Ni uamuzi wake, na ni uamuzi wa kimchezo.

Ningependa pia waandaaji wenzangu waielekeze hasira yao mahali inapostahili. Katika kumbi zetu kuna mambo yanayosogea ambayo hayako katika orodha ya viwanja. Kuna televisheni zinazochelewesha picha, hasa zile kubwa ambazo hazijawekwa katika hali ya mchezo, ambapo mchezaji hubonyeza kitufe na mpiganaji wake hukinga pigo likiwa limekwisha kumfika. Katika mchezo unaoamuliwa na vipande vidogo vya sekunde, hilo ni kubwa kuliko jukwaa lolote. Kuna maneti zilizochoka, ambazo kijiti chake huvuta upande mmoja bila kuguswa, hata mpiganaji anaanza kutembea mwenyewe kuelekea ukingoni; ukumbi unaofuta Smashville kwa sababu jukwaa linatembea, kisha unampa mgeni maneti ya namna hiyo, umekamata mwizi wa kuku na kumwachia wa ng'ombe. Kuna umeme unaokatika katikati ya raundi, na kumbi nyingi hazina kanuni iliyoandikwa ya kufuata hapo, kwa hiyo raundi hurudiwa au hairudiwi kwa kutegemea nani ana marafiki wengi zaidi mlangoni. Malalamiko mengi niliyoyasikia kuhusu viwanja, nikiyachimba kidogo, huwa yalianzia katika mojawapo ya mambo hayo.

Ninachowaomba waandaaji ni hiki. Orodha ya viwanja ibandikwe ukutani kabla kijana hajatoa kiingilio, si baada ya kushindwa kwake, na ielezwe humo kama vituko vimezimwa au la, kwa kuwa Pokémon Stadium 2 iliyowashwa na iliyozimwa ni viwanja viwili tofauti. Smashville ibaki miongoni mwa vile vitano. Town and City, ambayo majukwaa yake husafiri hadi pembeni kabisa na kuondoka, iwekwe miongoni mwa vile vya kuchaguliwa na aliyeshindwa, kwa kuwa inahitaji mazoea zaidi na wengi wetu hatujaicheza vya kutosha. Na uwanja wowote ukitakiwa kufutwa katikati ya msimu, wanaotaka ufutwe waonyeshe raundi ambayo mchezaji alifanya kila kitu sawasawa na bado uwanja ukamwua. Raundi za Ultimate huweza kuhifadhiwa ndani ya mashine na kutazamwa tena; tukae pamoja tuzitazame. Ukumbi wetu uko tayari kutoa mashine, na mwandishi wa barua ile, ambaye naona anaupenda mchezo huu kama mimi, anakaribishwa alete raundi anayoitaka.

Wako,
Mwamuzi wa michezo ya video,
Kamalondo, Lubumbashi